Tundu Katika Meza: Kisa cha Waokaji Mikate wa London, 1327

Kisa hiki kimehifadhiwa katika kumbukumbu za jiji la London za mwezi Juni 1327. Majina ya washtakiwa yameandikwa humo waziwazi, lakini hapa nimeyaondoa. Mshtakiwa wa kwanza nitamwita Mwokaji, na wenzake nitawataja kwa hali zao tu. Nimekichagua kwa sababu kinafundisha jambo ambalo habari za wafalme na vita hazilifikii: watu wa mji wa zama za kati waliishi kwa kukabidhiana vitu kila siku, na siku moja viongozi wao walilazimika kuamua wafanye nini pale amana ilipoibiwa mahali ambapo sheria haikuwa imetazama.

Jiji na mkate wake

London ulikuwa mji mkubwa kuliko yote Uingereza, makumi ya maelfu ya watu wakibanana ndani ya ukuta uliojengwa na Waroma na katika vitongoji vilivyouzunguka. Mtu wa kawaida alikula mkate, alikunywa bia nyepesi, na alipika chunguni mchuzi mzito wa nafaka, mboga na kunde. Nyama na samaki vilikuja kadiri mfuko ulivyoruhusu. Mkate haukuwa kitafunio cha asubuhi. Ndio uliokuwa mlo wenyewe.

Kwa hiyo serikali iliutazama mkate kwa jicho kali. Tangu karibu mwaka 1266 kulikuwa na sheria ya ufalme iliyoshughulikia mkate na bia, na utaratibu wake unastahili kueleweka vizuri kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Bei ya mkate haikupanda wala kushuka. Mkate wa robo peni ulibaki robo peni mwaka wa neema na mwaka wa njaa; kilichobadilika ni uzito wake. Ngano ikipanda bei, mkate unapungua uzito kwa kiwango kilichoandikwa. Ngano ikishuka, mkate unakuwa mkubwa. Sarafu ndogo kabisa haikuweza kukatwa ili kufuata soko, basi mkate ndio uliokatwa.

London walikuwa na namna yao ya kupata kipimo hicho. Watu wanne waaminifu walichaguliwa wanunue ngano sehemu tatu: Cheapside, Gracechurch au Billingsgate, na kwenye gati la Queenhithe. Ngano hiyo ilisagwa na kuokwa mikate ya aina mbalimbali, kisha ikapelekwa ingali moto mbele ya meya na madiwani katika ukumbi wa Guildhall, ikapimwa. Hapo ndipo jiji lilipojua mkate wa mwaka ule unapaswa kuwa na uzito gani. Kila mwokaji alitakiwa kuweka alama yake kwenye mkate ili akipunja ajulikane.

Adhabu zilikuwa za hadharani. Kwa desturi iliyotoka enzi za Edward I, mwokaji aliyekamatwa na mkate mwepesi mara ya kwanza aliburutwa juu ya chanja ya fito kutoka Guildhall hadi nyumbani kwake, kupitia njia kuu zenye watu wengi, mkate wake wa udanganyifu umening'inizwa shingoni. Mara ya pili aliburutwa tena na kuwekwa kwenye mbao za aibu: jukwaa ambapo mtu alisimamishwa, kichwa na mikono imebanwa katikati ya mbao mbili, kila mpita njia amtazame. Mara ya tatu tanuri lake lilibomolewa naye akaapa kutookea tena ndani ya jiji.

Mwaka wenyewe nao una maana yake. Njaa kubwa ya 1315 hadi 1317, iliyoletwa na mvua zisizokoma zilizoozesha nafaka shambani, ilikuwa imepita miaka kumi tu. Waliozika ndugu zao wakati ule walikuwa bado hai, wakinunua mkate sokoni. Oktoba 1326 umati wa watu wa London ulimuua askofu wa Exeter pale Cheapside. Januari 1327 mfalme Edward II aliondolewa, na mwanawe wa miaka 14 akavikwa taji tarehe mosi Februari. Miezi michache baadaye, viongozi wa jiji waliletewa madonge ya unga mahakamani.

Mtu asiye na tanuri

Nyumba nyingi za London hazikuwa na tanuri. Mafundi, wapangaji wa vyumba vya juu na wajane walikuwa na meko ya kupikia chungu, basi. Tanuri la mkate ni jengo zito, linakula kuni nyingi, na linatisha katika mji wa nyumba za mbao. Baada ya moto mkubwa wa 1212 jiji lilipiga marufuku paa jipya la nyasi, na waokaji wakakatazwa kuoka usiku kwa kuchoma matete au mabua. Waliruhusiwa kuni tu. Moto ulikuwa adui wa kila mtaa, na ni afadhali uwe katika nyumba chache zinazojulikana kuliko katika kila chumba.

Basi watu walinunua unga, wakaukanda nyumbani, wakabeba donge lao hadi kwa mwokaji wa jirani. Yeye aliligawa na kuliumba mikate juu ya meza yake, akaiingiza tanurini, akalipwa ujira wa kuoka. Anayepeleka mahindi yake mashineni asubiri unga analijua jambo hili bila kuelezwa: unakabidhi chakula cha watoto wako mikononi mwa mtu mwingine, na unachorudishiwa hakifanani tena na ulichopeleka.

Katika kisa chote, hapo ndipo ninapoona uzito. Sheria ya 1266 ilimlinda mnunuzi wa mkate uliokwisha kuokwa. Kwake kulikuwa na kipimo, alama, mizani na adhabu. Aliyeleta donge lake mwenyewe hakuwa na kipimo chochote kilichoandikwa. Mkate wake haukuuzwa, kwa hiyo hakuna aliyeupima. Isitoshe, mkate hupoteza maji tanurini na kutoka mwepesi kuliko donge lililoingia. Hata mwenye shaka hangeweza kusimama mbele ya mtu na kuthibitisha kwamba kilichopungua hakikuliwa na moto.

Hila

Mwokaji alitoboa tundu katika meza yake ya kuumbia mikate. Kumbukumbu zinasema lilitengenezwa mfano wa mtego wa panya, likiwa na kijilango kilichoweza kufungwa na kufunguliwa. Limefungwa, meza ilionekana kama meza nyingine yoyote.

Majirani walipoleta madonge yao, Mwokaji aliyaweka juu ya meza, juu ya tundu lile, akaanza kazi mbele ya macho yao. Chini ya meza, amejificha, aliketi mtu wa nyumbani mwake. Huyo alifungua kijilango na kuvuta unga kidogo kidogo, akiunyofoa kwa uangalifu, huku mwenye mali amesimama palepale akitazama mikono ya Mwokaji ikifanya kazi kwa uaminifu wote. Haba na haba hujaza kibaba: hakuna mteja mmoja aliyeibiwa kiasi cha kumshtua, lakini siku ilipokwisha chini ya meza kulikuwa na unga mwingi ambao Mwokaji hakuulipia hata robo peni.

Ninaomba msomaji aone kwamba hila hii haikutegemea giza wala mlango uliofungwa. Ilitegemea kuwapo kwa mteja. Kadiri alivyotazama kwa makini juu ya meza, ndivyo alivyozidi kuamini.

Msako

Waliogundua hila walikuwa watumishi wa jiji: sajini mmoja na karani wa mmoja wa masherifu, yaani maofisa wakuu wa kusimamia sheria jijini. Waliingia mahali walipopatilia shaka, wakaliona tundu, na chini yake wakakuta madonge yaliyovutwa. Hawakuishia kutoa taarifa. Walichukua unga wenyewe wakaupeleka mahakamani na kuapa kwamba ndio waliouokota pale.

Ikadhihirika kwamba Mwokaji hakuwa peke yake. Nyumba nyingine za waokaji zilikuwa na meza za namna ileile. Baadhi zilikutwa na unga chini ya tundu. Nyingine zilikuwa na tundu tu, bila unga. Tofauti hiyo ndogo itakuja kuamua adhabu. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwamo wanawake wawili waliofanya kazi ya kuoka, na wote wawili walikuwa na waume.

Kosa ambalo sheria haikulitaja

Shauri lilisikilizwa mbele ya meya na madiwani. Mwokaji alipoulizwa anajiteteaje, alikana, na wenzake pia. Wanawake wawili walikuja na hoja ya peke yao: wao ni wake za watu, na tendo lile halikuwa lao.

Kisha viongozi walikaa kushauriana, na mashauriano hayo ndiyo kiini cha kisa. Shida yao ilikuwa halisi. Sheria ya mkate ilitaja mkate mwepesi, mkate mbovu, mkate usio na alama. Haikutaja meza yenye tundu. Mikate iliyotoka katika tanuri la Mwokaji na kuuzwa kwa alama yake huenda ilikuwa na uzito kamili kabisa. Kwa mizani ya Guildhall, mtu huyu angeweza kuonekana mwokaji safi.

Walikuwa na njia mbili rahisi. Wangeweza kusema hakuna sheria, basi hakuna kosa, kila jirani aende akadai hasara yake mwenyewe. Au wangelazimisha kosa liingie ndani ya sheria ya uzito wa mkate, hata kama halikutosha humo. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Waliangalia tendo lenyewe wakaona kwamba ni aina ya wizi. Walisema haipatani na haki wala haimpendezi Mungu kwamba udanganyifu wa namna hiyo upite bila adhabu, hasa kwa kuwa walioibiwa hawakujua kabisa kwamba wanaibiwa.

Pia walitaja waliodhuriwa kwa mpangilio ninaouheshimu. Kwanza majirani, yaani wale wa mtaa uleule waliokuja na madonge yao. Kisha wengine waliokuja kutoka kwingine. Kisha jiji zima lililotiwa aibu, na hasa meya na maofisa waliopewa kazi ya kulinda vipimo. Hili la mwisho ni ungamo la kiutawala. Walikubali kwamba hila iliyofanyika chini ya meza ya mtu binafsi iliwaaibisha wao waliokaa Guildhall.

Hukumu

Waliokutwa na unga chini ya meza walipelekwa kwenye mbao za aibu, na kiasi cha unga ule kikafungwa shingoni mwao. Waliokutwa na tundu bila unga walipelekwa pia, lakini shingo zao zikiwa tupu. Wote walitakiwa kubaki pale mpaka sala ya jioni katika kanisa kuu la St Paul's imalizike. Ndivyo muda ulivyopimwa katika mji ambao kengele za kanisa ndizo zilizogawa siku.

Meza zote zenye matundu zilivunjwa na kuharibiwa kabisa. Na kwa siku za mbele iliamuliwa kwamba mwokaji atakayekutwa tena na kosa hili atasimama kwenye mbao za aibu siku nzima, kisha ataapa kuondoka jijini asirudi tena kamwe.

Wanawake wawili hawakupelekwa kwenye mbao pamoja na wengine. Walirudishwa gereza la Newgate kusubiri uamuzi mwingine.

Kilichofaa

Jambo la kwanza ni ushahidi. Mashauri mengi ya udanganyifu sokoni yaliisha kwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Hapa watumishi wa jiji walileta kitu kinachoshikika, wakiwa wameapa mahali walipokitoa. Tundu peke yake lingeweza kupewa maelezo. Tundu lenye unga chini yake halielezeki. Na mahakama ilitumia tofauti hiyo kwa uangalifu. Aliyekutwa na chombo cha wizi pamoja na kilichoibwa aliadhibiwa kwa namna moja, aliyekutwa na chombo peke yake kwa namna nyingine. Katika zama ambazo tumezoea kuambiwa kwamba haki ilikuwa ya kikatili na ya kubahatisha, upimaji huu unastahili kutambuliwa.

La pili ni kwamba jiji lilikusanya hasara ndogo ndogo likazifanya kosa moja. Hakuna mjane ambaye angeenda mahakamani kudai konzi ya unga. Gharama ya kudai ingepita thamani ya unga wenyewe, na ushahidi hakuwa nao. Wizi wa aina hii unaishi kwa kutegemea hesabu hiyo. Jiji liliposhitaki kwa jina la umma, liliiondoa hesabu hiyo mezani, na naliona kuwa tendo la busara kuliko yote katika kisa hiki.

Adhabu nayo ilifuata umbo la kosa. Mwokaji aliishi kwa sifa mtaani. Wateja wake walikuwa majirani waliomfahamu kwa sura. Faini angeweza kuilipa kutokana na unga uleule aliouiba, akafungua tanuri kesho yake. Kusimama hadharani na donge shingoni kulimweleza kila mtu kosa gani hasa limetendeka, hata asiyejua kusoma, na watu wengi hawakujua. Baada ya siku ile kila mama aliyebeba donge lake alijua ainame kwanza, atazame chini ya meza.

Kuvunja meza nako kulikuwa na maana zaidi ya hasira. Chombo kingebaki, kijana wa kazi angekirithi pamoja na ujuzi wake.

Kilichoshindikana

Kwanza, waliopoteza unga hawakurudishiwa kitu katika hukumu hii. Jiji lilirejesha heshima yake, lakini debe la mpangaji halikujazwa. Naelewa ugumu: ungemlipa nani, kiasi gani, wakati hata wenyewe hawakujua walichopoteza? Hata hivyo unga uliokamatwa ulikuwapo, na ulitumika kama alama ya aibu.

Pili, mtu aliyeketi chini ya meza. Mikono iliyovuta unga ilikuwa yake, lakini hukumu ilimshukia mwenye meza. Upande mmoja hii ni haki njema: mtumishi wa nyumba ya mwokaji wa zama zile alilala, alikula na alitumwa kwa amri ya bwana wake, na kumwadhibu yeye kungemkinga aliyepanga. Upande wa pili, palikuwa na watu waliojua siri hii siku zote, katika nyumba kadhaa, na jiji halikuweka njia yoyote ya kuwafanya wazungumze bila kuogopa kupoteza chakula na malazi. Ninaliona hilo kuwa pengo kubwa. Tundu katika meza haliwezi kubaki siri ya mtu mmoja.

Tatu, usimamizi ulikuwa umeelekezwa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 60. Mizani ilipima mkate wa kuuza, na kila aliyetaka kudanganya alijua hivyo. Ukali wa sheria upande wa mkate uliouzwa ulifanya upande wa donge la jirani uvutie zaidi, kwa sababu mwokaji aliyebanwa katika faida yake ya halali alikuwa na sehemu moja ambayo hakuna aliyekuja kukagua. Sisemi hili ili kumwonea huruma Mwokaji. Nasema kwa sababu waokaji wengi, katika nyumba tofauti, walifikia hila ileile, na jambo likiwa hivyo halielezwi na tabia mbaya ya mtu mmoja. Hukumu ya 1327 ilivunja meza na kutisha waokaji. Haikuweka kipimo cha donge linaloingia na mkate unaotoka.

Wanawake wawili

Nimewaweka mwisho kwa sababu shauri lao halikufika mwisho pamoja na mengine. Hoja yao ilikuwa na mizizi katika sheria ya Uingereza: mke alikuwa chini ya mumewe, na mali na matendo ya biashara ya nyumba yalihesabiwa kuwa ya mume. Lakini desturi ya London ilikuwa na mlango mwingine. Mwanamke aliyeolewa akifanya biashara yake peke yake, mume asiingilie, jiji lingeweza kumhesabu kama mwanamke asiye na mume: anadai mwenyewe, anadaiwa mwenyewe. Uhuru huo uliwapa wanawake wengi riziki katika kupika bia, kusuka hariri na kuchuuza chakula.

Kwa hiyo swali lililowaelemea madiwani halikuwa la unga tena. Wakikubali hoja ya wanawake hawa, kila mume angepaswa kujibu kwa tanuri asilolisimamia, na kila mke mwokaji angekuwa na ngao tayari. Wakiikataa, wangethibitisha kwamba meza ile ilikuwa mali na kazi ya mwanamke mwenyewe, pamoja na faida yake yote ya halali. Wanaume walisimamishwa wakashushwa kabla giza halijaingia. Wanawake walilala Newgate, gereza ambalo mfungwa alitegemea fedha za ndugu au sadaka ili ale, wakisubiri jiji liamue kwanza kama walikuwa na kazi yao wenyewe au hawakuwa nayo.